Tubadilishe Giaboksi, Tusimbadilishe Dereva



Katika yadi yetu hapa Kampala kuna pikapu kuukuu aina ya Toyota Hilux, iliyotengenezwa mwaka 1986. Injini yake ni ya petroli, ile 22R ya kabureta ambayo kila fundi wa makamo anaijua. Rangi imechujuka, bodi imechomelewa mara nyingi, lakini gari linakwenda. Limebeba vipuri, saruji, mabomba, na mara mbili limebeba jeneza la mwenzetu kwenda kuzikwa kijijini kwake. Kwa muda wa miaka 19 dereva wake alikuwa mtu mmoja.

Leo napenda kuandika juu ya pikapu hiyo na dereva huyo, kwa sababu jambo lililotokea kwetu litatokea kwenu pia, kama halijatokea. Najua wapo watakaosema kwamba habari za giaboksi ni za mafundi na hazina nafasi katika jarida la chama. Nawaomba wavumilie kidogo. Ziko siku ambapo haki ya mfanyakazi hukaa ndani ya katiba, na ziko siku ambapo hukaa chini ya gari, kati ya injini na difu.

AJALI NA BARUA

Mwaka juzi, wakati wa kushusha mabomba ya chuma, kamba ilikatika na mabomba yakaporomoka. Mwenzetu hakuwa mpakizi. Alikuwa dereva, na kazi yake ilikuwa imekwisha alipozima injini. Lakini wapakizi walikuwa wawili tu badala ya wanne, naye akaenda kuwasaidia kama alivyozoea. Bomba lilimponda mguu wa kushoto, na hospitali ikaukata chini ya goti.

Baada ya miezi minane alirudi kazini akiwa na mguu wa bandia. Alikuwa amejifunza kutembea bila fimbo. Akaenda moja kwa moja kwenye pikapu, akaketi, akajaribu kukanyaga klachi. Aliweza, lakini si sawasawa. Mguu wa bandia hauna hisia. Dereva hupima klachi kwa unyayo, si kwa macho. Hujua pale inaposhika na pale inapoachia. Yeye sasa alikuwa anabahatisha. Gari liliruka mbele mara mbili, likazimika mara tatu. Kwenye yadi haidhuru, lakini ukiwa katika foleni ya Barabara ya Jinja asubuhi, klachi hukanyagwa mara mia kabla hujafika unakokwenda. Jioni ya siku ya pili kisiki cha mguu kilikuwa kimechubuka na kutoa damu.

Juma lililofuata akapewa barua. Barua ilisema kwa maneno ya adabu kwamba hafai tena kwa kazi ya udereva, na kwamba mwajiri, kwa kumwonea huruma, atampa kazi ya kulinda lango kwa mshahara wa mlinzi. Tofauti ya mishahara hiyo miwili ilikuwa ni karo ya watoto wake.

Tawi likaitisha mkutano. Tulizungumza juu ya fidia, na hapo hapakuwa na ubishi. Ndipo kijana mmoja kutoka karakana akasimama, akauliza: “Kwa nini tusibadilishe gia? Tukifunga gia otomatiki, klachi haipo tena. Mguu wa kushoto utakuwa abiria tu.”

Watu walicheka. Nami nilikuwa mmoja wa waliocheka, tena kwa sauti kubwa. Nimefanya kazi ya ufundi kwa zaidi ya miaka 30, na kwangu kumwekea Hilux ya zamani gia otomatiki kulikuwa ni sawa na kumvalisha ng’ombe viatu. Leo naandika kusema kwamba yule kijana alikuwa na haki na mimi nilikosea. Naandika pia kwa sababu kazi aliyoianza haijakwisha.

WENZETU WALIKWISHA KULIJUA JAMBO HILI

Wazo la kijana huyo si geni. Lina umri mkubwa kuliko wengi wetu. Gia otomatiki ya kwanza iliyotengenezwa kwa wingi, Hydra-Matic, ilianza kuuzwa Marekani na General Motors katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Vita vilipokuja, gia hiyo ilifungwa hata katika vifaru vidogo vya jeshi. Vita vilipokwisha mwaka 1945, maelfu ya askari walirudi makwao bila mguu au bila mkono. Oldsmobile ikatengeneza magari yenye gia hiyo pamoja na vishikio maalumu kwa ajili yao. Mwaka 1946 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kumpa askari wa namna hiyo hadi dola 1,600 za kununulia gari analoweza kuliendesha.

Angalieni mpango huo. Hawakusema: huyu hana mguu, basi apewe kiti langoni. Walisema: huyu hana mguu, basi gari libadilike. Na fedha hazikutoka mfukoni mwa yule aliyeumia.

Pikapu nazo zilifuata upesi. Ford ilianza kutoa gia otomatiki katika F-100 mwaka 1953, na Chevrolet katika pikapu zake ndogo mwaka 1954. Leo hii Wamarekani wenye pikapu za zamani, hasa Chevrolet C10 za miaka ya 1967 hadi 1972, hutoa giaboksi za mkono na kuweka za otomatiki za kampuni hiyo hiyo, kama vile Turbo-Hydramatic 350 iliyoanza kutoka mwaka 1969, au 700R4 ya gia nne iliyoanza mwaka 1982. Wengi wao hufanya hivyo kwa starehe, au kwa sababu magoti yamezeeka. Lakini kama tajiri anaweza kubadilisha gia kwa ajili ya starehe ya Jumapili, kwa nini ishindikane kubadilisha kwa ajili ya mkate wa Jumatatu?

KAZI YENYEWE

Sasa niwaeleze tulivyofanya, maana hoja bila vitendo ni porojo. Sitaki mtu yeyote aende mbele ya mwajiri na kushindwa kujibu maswali ya meneja wa magari.

Jambo la kwanza ni kuchagua giaboksi. Usitafute la kisasa lenye kompyuta. Gari la kabureta halina kompyuta ya kuzungumza na giaboksi hilo, nawe utahangaika na waya mwaka mzima. Tafuta la zamani linalojiendesha kwa shinikizo la mafuta, na ambalo kiwanda chenyewe kililifunga nyuma ya injini ya ukoo huo huo. Sisi tulitafuta A43D ya Toyota, ambayo ina gia nne, na tukaipata kwa wauza vipuri vikuukuu pale Kisekka. Lazima ununue mzigo kamili: giaboksi, tokikonveta yake, bamba lake la mbele, bolti zake, kishikio cha gia, kebo zake, na kama inawezekana rejeta yake. Anayenunua giaboksi peke yake atarudi sokoni mara kumi, na kila mara atalipa kama mgeni.

Halafu unatoa kilichopo: propela shafti, giaboksi la mkono, klachi na flaiwili. Flaiwili ni gurudumu zito la chuma. Mahali pake panakaa bamba jembamba ambalo tokikonveta hufungwa juu yake. Mwisho wa krenkishafti kuna beringi ndogo ya giaboksi la mkono. Iondolewe, la sivyo tokikonveta haitakaa.

Tokikonveta ni kitu cha kukiheshimu. Ndiyo inayochukua nafasi ya klachi. Ndani yake mafuta yanasukumwa na mapanga ya upande mmoja na kuzungusha mapanga ya upande wa pili, kama feni moja inavyoweza kuzungusha nyingine kwa upepo. Kabla ya kuifunga, mimina mafuta ndani yake, kisha isukume huku ukiizungusha mpaka iingie hatua zote na kushika pampu iliyoko mbele ya giaboksi. Fundi mwenye haraka huiacha ikiwa imeingia nusu, anakaza bolti za giaboksi kwa nguvu, na pampu inavunjika kabla gari halijawashwa. Giaboksi likigoma kukutana na injini kwa mkono, usilivute kwa bolti. Rudi nyuma ukaangalie.

Baada ya hapo inakuja kazi ya kupima. Mhimili unaobeba giaboksi ulibidi usogezwe, tukatoboa matundu mapya kwenye chasisi bila kuikata. Propela shafti haikuwa na urefu unaofaa. Ilikatwa na kuchomelewa. Hapa tulifanya kosa letu la kwanza. Tulimpelekea mchomeleaji wa barabarani, mtu hodari wa madirisha na milango, lakini hakuwa na mashine ya kusawazisha. Gari lilipofika kilomita 60 kwa saa, kiti chote kilitetemeka. Tukalazimika kuifungua tena na kuipeleka kwa wenye mashine.

Kosa la pili lilikuwa langu mwenyewe, na lilikuwa ghali. Giaboksi la namna hii lina kebo inayotoka kwenye kabureta. Kebo hiyo huliambia giaboksi dereva amekanyaga mafuta kiasi gani, nalo hupandisha shinikizo la ndani ili klachi zake zishike kwa nguvu inayofaa. Ikiwa kebo imelegea, giaboksi hudhani gari halina mzigo, shinikizo linakuwa dogo, na klachi zinateleza na kuungua. Mimi niliipima kwa jicho. Siku ya nne mafuta yalikuwa meusi na yananuka kama mkate uliokaukia motoni. Tulifungua giaboksi, tukabadilisha klachi zilizoungua, na safari hii kebo ilipimwa kama inavyotakiwa, pedali ikiwa imekanyagwa hadi mwisho na kabureta imefunguka yote. Tangu hapo halijasumbua.

Jambo jingine ni joto. Gia otomatiki hufa kwa joto kuliko kwa umri. Mafuta yake lazima yapite katika kipoza, ama ndani ya rejeta iliyotengenezwa kwa gari la otomatiki, ama katika kipoza kidogo kinachofungwa mbele ya rejeta. Kwa gari la mizigo katika nchi yenye vilima kama yetu, sisi tuliweka vyote viwili.

Kisha kuna vitu vidogo ambavyo meneja hatavijua lakini vinaokoa maisha. Weka swichi inayozuia stata isiwake isipokuwa gia iko kwenye kuegesha au huru. Unganisha taa za kurudi nyuma. Ondoa kabisa pedali ya klachi, na pedali ya breki ifanywe pana. Hakikisha breki ni nzima kuliko zamani, kwa sababu gari la otomatiki halishikwi sana na injini linapoteremka. Dereva lazima ateremshe gia mwenyewe kwa kishikio kabla ya mteremko. Rekebisha kipima mwendo. Na giaboksi la zamani msiliuze. Lipakeni mafuta, lifungeni kwenye turubai, liwekeni stoo. Siku gari litakapohitaji kurudi lilivyokuwa, litarudi.

Kazi yote ilichukua majuma mawili, pamoja na makosa yetu. Mafundi walikuwa wawili.

MAMBO YALIYOPINGWA

Wakati wa kazi hiyo maneno mengi yalisemwa, mengine na mwajiri, mengine na sisi wenyewe. Yote yanastahili kujibiwa.

Wa kwanza walisema gari la otomatiki haliwezi mizigo na barabara zetu. Neno hili lina kweli ndani yake. Giaboksi kuukuu la otomatiki lina mambo ambayo la mkono halina. Huwezi kusukuma gari ili liwake, kwa hiyo betri iwe nzima na stata iwe nzima, na ile desturi yetu ya kuita watu watano waje kusukuma ife kabisa. Likiharibika njiani huwezi kulivuta magurudumu ya nyuma yakiwa chini kwa mwendo mrefu, kwa sababu injini ikizimwa pampu haizunguki na giaboksi linakauka; ama litolewe propela shafti, ama linyanyuliwe nyuma. Mafuta yake ni ya namna yake, na hupimwa injini ikiwa inanguruma na imepata moto, si asubuhi injini ikiwa baridi. Ukipanda kilima na mzigo, funga gia ya nne isiingie. Anayeyajua haya atadumu na gari. Asiyeyajua ataliua, lakini mtu wa namna hiyo huliua hata la mkono. Mbona klachi za magari yetu huungua kila mwaka na hakuna anayesema gia za mkono haziwezi barabara zetu?

Wa pili walikuwa mafundi wazee, mimi nikiwa mkuu wao. Tulisema ni aibu kuliharibu gari la zamani ambalo halijapata kubadilishwa. Naelewa mapenzi ya chombo. Mtu aliyelitunza gari kwa miaka 30 hulipenda kama shamba lake. Lakini nilijiuliza usiku mmoja: ni nani hasa aliyelitunza? Ni nani aliyekuwa akiamka alfajiri kupima maji na mafuta, akikataa kulizidishia mzigo, akilala ndani yake lilipokwama njiani? Kama tunaliheshimu gari, tumheshimu kwanza aliyelifanya liishi mpaka likaitwa la zamani.

Wa tatu walikuwa madereva wenzake, nao walisema neno lililonisumbua kuliko yote. Walisema: “Mkimzoesha mwajiri magari ya otomatiki, kesho atasema kazi ya udereva imekuwa nyepesi, kila mtu anaweza, na ataajiri watoto kwa nusu mshahara.” Hofu hii si ya kipuuzi. Tumeona mashine nyingi zikiletwa kwa jina la kumsaidia mfanyakazi, kisha zikatumika kumpunguza.

Lakini tufikiri vizuri. Je, dereva hulipwa kwa ajili ya mguu wake wa kushoto? Kama ndivyo, basi mwajiri alikuwa na haki kabisa kuandika ile barua, kwa kuwa mguu umekatika na thamani imekatika nao. Sisi tunasema dereva hulipwa kwa kuijua njia, kwa kuulinda mzigo, kwa kuyachukua maisha ya watu mikononi mwake, kwa kulijua gari linapougua kabla halijalala njiani. Hayo hayamo ndani ya pedali ya klachi. Anayetetea daraja la dereva kwa kuitetea pedali amekwisha kumpa mwajiri fimbo ya kumchapia. Dawa ya hofu hiyo ni kuandika katika mkataba kwamba kubadilishwa kwa chombo hakubadilishi daraja wala mshahara wa anayekiendesha.

NANI ALIPE?

Hapa ndipo mgogoro ulipokuwa mkali, na hapa ndipo ninapotaka kila tawi litulie na kusikiliza.

Mwajiri alipoona hatunyamazi, alikuja na shauri lililoonekana la ukarimu. Alisema hana kipingamizi gari libadilishwe, mradi dereva mwenyewe agharimie kutoka katika fedha zake za fidia. Wapo wanachama waliopiga makofi. Wengine walisema tuchange, kila mtu atoe kidogo, jambo liishe. Walisema kwa moyo mwema, nami siwalaumu. Kuchangiana ni desturi yetu katika misiba na harusi.

Lakini fidia ni nini? Fidia ni malipo ya mguu. Chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000, mtu aliyeumizwa na kazi analipwa kwa kile alichopoteza, na fedha hizo ni zake na watoto wake. Kuzichukua zikatengeneze gari la mwajiri ni kumfanya alipie mguu wake mara mbili: mara ya kwanza kwa nyama, mara ya pili kwa fedha. Pikapu ni ya nani? Ikiuzwa kesho, nani atatia fedha mfukoni? Chombo ni cha mwajiri, kazi ni ya mwajiri, na kamba iliyokatika ilikuwa ya mwajiri. Vivyo hivyo na mchango wetu. Tungechanga mara ya kwanza kwa upendo, mara ya pili tungeambiwa ndiyo kawaida.

Isitoshe, hatuombi hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006. Uganda iliuridhia mwaka 2008, Kenya mwaka huo huo, na Tanzania mwaka 2009. Kifungu chake cha 27 kinahusu kazi, na kinataka mahali pa kazi pafanyiwe marekebisho yanayofaa kwa ajili ya mwenye ulemavu. Tena mkataba huo unahesabu kukataa marekebisho hayo kuwa ni ubaguzi, isipokuwa kama yangemlemea anayetakiwa kuyafanya kupita kiasi. Kabla ya hapo, mwaka 1983, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 159 juu ya kuwarudisha kazini watu wenye ulemavu. Je, giaboksi moja kuukuu kutoka Kisekka na mafundi wawili kwa majuma mawili ni mzigo unaopita kiasi kwa kampuni yenye magari 14? Tulimwuliza mwajiri swali hilo kwa maandishi. Tulimwandikia bei ya kila kitu, hata bolti. Chini yake tukaandika gharama ya kumtafuta dereva mpya, kumfundisha njia, na kulipia klachi atakazounguza akijifunza.

Hakujibu barua. Lakini baada ya siku kumi alisaini hati ya kununua vipuri. Kazi ikafanywa katika saa za kazi, na mafundi wakalipwa mshahara wao kama kawaida.

MWENZETU YUKO BARABARANI

Gari lilipokuwa tayari, dereva alipimwa upya akiwa ndani ya gari hilo, leseni yake ikaandikwa ipasavyo, na bima ikajulishwa kwa maandishi. Nawasihi msiruke hatua hizi. Ajali ikitokea, mwenye bima hutafuta tundu la kutokea, na gari lililobadilishwa kimya kimya ni tundu kubwa.

Asubuhi ya kwanza nilikaa naye. Alitoka langoni akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili, kama kijana anayejifunza. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unatafuta gia kila tulipopungua mwendo, na goti lake la kushoto lilikuwa linainuka lenyewe kutafuta pedali ambayo haipo. Tulipofika Mukono goti lilikuwa limetulia. Tulipofika Jinja alikuwa anaimba. Sasa amekwisha kufanya kazi zaidi ya mwaka mmoja na hajachubuka tena.

Basi kwa nini naandika, kama mambo yamekwisha vizuri?

Naandika kwa sababu hayajakwisha. Mwezi uliopita mwanachama mwingine, mwendesha forklifti, alipata kiharusi na mkono wake wa kushoto hauna nguvu. Tulipoomba chombo chake kirekebishwe, tulijibiwa kwamba lile la pikapu lilikuwa msaada wa mara moja, uliotolewa kwa huruma, wala si utaratibu. Neno “huruma” limerudi. Likikaa juu ya haki, mwenye huruma ndiye anayechagua nani aipate: leo dereva mpole aliyetumikia miaka 19 ataonewa huruma, kesho mwanachama msumbufu anayesema sana mikutanoni hataonewa.

Mazungumzo ya mkataba mpya wa hiari kati ya tawi letu na mwajiri yanaanza mwezi ujao. Maoni yangu ni kwamba jambo hili liwemo, tena lisiwe la mwisho kwenye orodha, lile linaloachwa watu wakichoka. Liandikwe kwa maneno mepesi ambayo hata mlinzi wa lango atayaelewa. Mfanyakazi akiumia au akiugua na akashindwa kukitumia chombo chake, kwanza kitazamwe chombo. Fundi na mwakilishi wa tawi wakae pamoja na mhusika mwenyewe, waseme nini kinaweza kubadilishwa na kwa bei gani. Gharama iwe ya mwenye chombo. Fidia isiguswe. Daraja na mshahara visishuke. Na hapo tu, ikishaonekana wazi kwamba hakuna marekebisho yanayowezekana, ndipo izungumzwe kazi nyingine, kwa mshahara ule ule.

Kwa mafundi wenzangu nina neno moja la nyongeza. Sisi ndio tunaoulizwa, “Je, inawezekana?” Jibu letu humfunga mtu au kumfungua. Mimi nilicheka katika mkutano, na kicheko changu kingeweza kumpeleka mwenzangu langoni kwa maisha yake yote, kwa sababu meneja angesema hata fundi mkuu ameona ni upuuzi. Tusiseme haiwezekani kabla hatujaingia chini ya gari na kupima.

Pikapu hiyo iko barabarani hivi sasa. Ukiiona, ikiwa na bodi yake iliyochujuka na kishikio cha gia kisicho cha umri wake, mpungie mkono dereva. Halafu nenda kwenye tawi lako ukaulize: katika mkataba wetu, kifungu hicho kiko wapi?

Fundi na mwanachama, Kampala